Betri Zilizolala Chini ya Turubai

Jumatatu, tarehe 9 Februari 2026. Asubuhi hiyo Malaba iliamka bila wingu hata moja, na kabla ya saa moja vumbi la matrela lilikuwa limeshapanda juu ya barabara na kulifanya jua lionekane jekundu. Hakukuwa na upepo. Ilikuwa asubuhi njema ya kuanza kazi, na Selpha Nasambu, alipokuwa akifungua kufuli la stoo, alimshukuru Mungu kwa sauti ya chini, kama alivyokuwa akimshukuru kwa kila kitu.

Kambi ya mkandarasi ilikuwa kando ya barabara kuu, kilomita mbili hivi kabla ya kufika mpaka wa Uganda. Mvua za Novemba zilikuwa zimesimamisha kazi, mitambo mikubwa ikapelekwa kwingine, na vilivyobaki vikaachwa mikononi mwa watu wawili: Selpha, mwenye ufunguo wa stoo, na Callistus, mlinzi, mwenye ufunguo wa geti. Leo kazi ilikuwa inarudi. Vibarua arobaini walikuwa wameshafika na makoti yao ya rangi ya chungwa, wanapiga miayo na kutaniana.

Kitu cha kwanza kutolewa kilikuwa mishale. Ndivyo vijana walivyoiita: mbao nne kubwa nyeusi, kila moja juu ya magurudumu mawili, zenye taa za manjano zinazowaka kwa umbo la mshale ili dereva wa trela ajue kutoka mbali kwamba upande huu umefungwa, ahamie ule. Juu ya kila mshale kulikuwa na paneli ya jua, na chini yake sanduku la chuma lenye betri tatu. Mishale isipowaka, mkandarasi hakuwa na ruhusa ya kufunga hata hatua moja ya barabara ile.

Selpha na Callistus walifungua kamba na kuvua maturubai. Selpha aliyaonea fahari maturubai yale. Alikuwa ameyakunja pembe zake vizuri kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

"Hata tone moja la mvua halikugusa, boss," alimwambia injinia.

Injinia Arnold, kijana wa miaka thelathini na miwili aliyekuja kila siku na pikapu kutoka Busia, alibonyeza swichi ya mshale wa kwanza. Haukuwaka. Akabonyeza wa pili, wa tatu, wa nne.

"Bonyeza tena, boss," kibarua mmoja akasema. "Pengine umelala fofofo."

"Umelala! Miezi mitatu haujafanya kazi, umechoshwa na nini?" mwenzake akamjibu.

Watu wakacheka, lakini Arnold hakucheka. Alifungua sanduku, akatoa kipimo chake cha umeme, akagusisha nyaya zake kwenye betri moja, kisha nyingine. Alipima zote kumi na mbili. Akainuka.

"Betri ya volti kumi na mbili inasoma nne," alisema. "Hii nyingine, tatu. Hizi si betri zetu. Zetu zilikuwa mpya Agosti. Mtu amechukua mpya akavusha Uganda, akatuwekea takataka." Akamgeukia Selpha. "Mama, usiku ufunguo wa geti huwa na nani?"

Selpha alijibu kwa sababu aliulizwa. "Callistus," alisema.

Lilikuwa neno moja tu, tena la kweli. Lakini watu wote arobaini wakageuka, wakamtazama mzee yule aliyekuwa bado ameshika tochi yake ya usiku ingawa jua lilikuwa limeshapanda.

Callistus alikuwa mtu wa Rukala. Maji ya mto Nzoia yalikuwa yameibeba nyumba yake, na tangu siku hiyo alilala pale pale kambini, katika kibanda cha mabati karibu na geti. Arnold aliamuru mfuko wake uletwe, na yeye mwenyewe akaumimina chini. Ikaanguka blanketi, sahani ya bati, dagaa wa omena waliofungwa kwenye nailoni, Biblia isiyo na jalada, na ufunguo mmoja mkubwa wenye kutu.

"Huu ni wa nini?"

"Wa nyumba yangu, boss."

"Si uliambia watu nyumba yako ilienda na maji?"

"Ilienda," Callistus alisema. "Ufunguo ulikuwa mfukoni."

Kijana mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Arnold aliuangalia ule ufunguo, akautupa juu ya blanketi. Akachukua kitambulisho cha mzee na kukitia katika mfuko wa shati lake.

"Ijumaa. Betri kumi na mbili zirudi, ama nikupeleke polisi. Na leo hulali hapa."

Vibarua walirudishwa nyumbani bila kazi na bila mshahara wa siku. Walipompita Callistus aliyekuwa amepiga magoti akikusanya omena mmoja mmoja, mwanamke mmoja alisimama. "Mzee, wewe umekula betri," alimwambia. "Haya, niambie, watoto wangu leo wale nini?"

Selpha aliisikia sauti yake mwenyewe ikirudi kichwani: Callistus. Callistus.

Saa nne Arnold alimwita. "Chukua betri moja uipeleke kwa fundi. Mwambie aandike kwamba ni kuukuu. Nataka karatasi ya kuonyesha polisi."

Selpha aliipakia betri kwenye wilbaro na kuisukuma hadi kwa Echodu, Mteso mmoja aliyekuwa akichaji betri za matrela nyuma ya kituo cha mafuta. Kibanda chake hakikuwa na ukuta hata mmoja, kilikuwa na paa tu. Betri zilipangwa juu ya mbao, zimefunguliwa vifuniko, na shati la Echodu lilikuwa limetobolewa na asidi kila mahali.

"Mulembe, fundi," Selpha alimsalimu.

"Yoga, mama," akaitikia kwa Kiteso. "Usiangalie shati, hayo ni madirisha. Simama upande huu, hewa ni nzuri." Mara akapaza sauti kwa utingo mmoja aliyekuwa akikaribia na sigara. "Wewe! Rudi huko na moto wako! Betri ikichajiwa inapumua, na pumzi yake ikionja moto, nyinyi wote mtarudi kwenu kwa mfuko!"

Utingo akarudi nyuma huku akicheka. Echodu aliifungua betri, akaingiza kipimo chake cha kioo chenye kichwa cha mpira, akanyonya maji na kuyainua kwenye mwanga. Akatikisa kichwa.

"Hii ilikuwa inafanya kazi wapi?"

"Kwa mishale ya barabara. Ni kuukuu?"

"Kuukuu? Hii haina mwaka. Angalia vibamba ndani, bado vinene. Lakini vimeshika chumvi nyeupe. Imekaa bila chaji muda mrefu. Mlikuwa mmeiweka vipi?"

Selpha alimweleza, na mwanzoni alieleza kwa fahari. Kwamba mvua ilipozidi waliisukuma mishale nyuma ya stoo. Kwamba waligeuza paneli ziangalie ukuta, zisije zikang'aa na kuita wezi. Kwamba waliifunika kwa maturubai mawili mawili, wakafunga kamba.

"Tangu lini?"

"Tarehe ishirini na moja Novemba."

Echodu alihesabu kwa vidole, midomo yake ikicheza. "Siku themanini," alisema. Akaketi juu ya kreti. "Mama, ukizima taa ya mshale, kuna kijisanduku ndani kinachoongoza chaji. Hicho hakizimiki. Kinakunywa betri kidogo kidogo, usiku na mchana. Jua ndilo linarudisha kile kinachonywewa. Sasa wewe umefungia jua nje siku themanini."

"Nilikuwa nazitunza," Selpha alisema.

"Najua. Ungekuwa mvivu ukaziacha nje zinyeshewe, leo zingewaka." Akachukua kalamu nyuma ya sikio. "Haya, injinia anataka niandike nini? Niandike zimekufa njaa?"

Selpha alitazama kalamu ile. Akashika mikono ya wilbaro. "Usiandike leo," alisema.

Aliporudi kambini na ile betri, Arnold alimuuliza karatasi iko wapi.

"Fundi hayupo," Selpha alijibu. "Ameenda ng'ambo, Tororo."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza tangu apewe ufunguo wa stoo, na ulimtoka kwa urahisi mpaka ukamtisha.

Nyumbani, katika chumba kimoja na sebule ndogo walichopanga nyuma ya soko, alimwambia mumewe kila kitu. Barasa alikuwa mpakuzi wa matrela mpaka mgongo ulipomkataa mwaka juzi. Sasa aliketi kwenye kiti cha plastiki chenye mto, akachambua maharagwe, akasikiliza redio. Aliizima redio.

"Nani mwingine anajua?"

"Echodu."

"Echodu haongei na injinia. Basi nyamaza."

"Baba Tracy, Callistus anaitwa mwizi."

"Na wewe ukisema utaitwa nini? Mjinga. Watasema ndio sababu hatuwapi watu wa ngumbaru stoo. Miaka minne umeenda darasa la jioni, watu wanakucheka na daftari lako, ndio umepata hiyo kazi. Tracy yuko Butula, kidato cha tatu. Callistus hana mtoto shuleni."

"Hana hata nyumba."

"Kwa hiyo hatapoteza nyumba," Barasa alisema. Papo hapo aliona aibu ya maneno hayo, akarudi kwenye maharagwe yake, akawa anatupa mazuri pamoja na mabovu.

Alikuwa bado anachambua hodi ilipobishwa. Alikuwa Callistus, na mfuko wake begani. Alikataa kuketi mpaka alipoambiwa mara tatu, kisha akaketi ukingoni mwa kochi, kofia mikononi.

"Sitawakawiza," alisema. "Mchungaji amenipa mahali pa kulala kanisani, nyuma ya viti. Nimekuja kwa sababu moja tu. Mama Tracy, wewe ni mtu wa maombi. Niombee. Mimi nimejaribu leo, maneno yanakataa. Kila nikifunga macho naona wale omena kwa vumbi."

Barasa akamtazama mkewe. Selpha alisimama, kwa sababu hakuwahi kumkatalia mtu aliyemwomba sala. Wote wakainamisha vichwa.

"Baba yetu," alianza, "tunakuja mbele zako jioni hii. Unamjua mtumishi wako Callistus. Ulimtoa kwenye maji ya Nzoia akiwa hai. Leo amesimamishwa mbele za watu, akaitwa jina ambalo si lake. Tunakusihi, Bwana, umfichue yule aliyeharibu..."

Redio ya jirani ilikuwa ikitangaza bei ya mahindi.

"Amina," Barasa akasema upesi.

"Sijamaliza," Selpha alisema. Akafungua macho. "Callistus, hakuna mwizi. Betri ni zile zile. Zimekufa kwa sababu tulizifunika. Nilijua leo saa nne, nikanyamaza. Nisamehe."

Callistus aliinua kichwa polepole. "Hazikuibiwa?"

"Hazikuibiwa. Ni paneli. Hazikuona jua siku themanini."

"Lakini kamba nilifunga mimi."

"Nilikuambia mimi."

"Na kugeuza zitazame ukuta, nani alisema?"

"Wewe. Ulisema zitaita wezi."

Wakatazamana. Kisha mzee yule, aliyekuwa amemwagiwa mfuko wake mbele ya watu siku hiyo hiyo, akaanza kucheka. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, akajipangusa macho kwa kofia. "Zikawa salama kabisa," alisema. "Mwizi hakuziona, na jua halikuziona!" Selpha naye akacheka huku analia. Kisha Callistus akaacha kucheka, akaigeuza kofia mikononi.

"Ungeniambia saa nne, Mama Tracy, nisingepita sokoni nikitukanwa."

"Ndiyo."

"Haya. Umesema sasa." Akafikiri. "Lakini injinia hatatuamini. Atasema tumepanga sisi wawili. Atataka kujua tunajuaje hizi ndizo zile za Agosti."

Hapo Barasa alishika mkono wa kiti, akajiinua kwa taabu, akaingia chumbani. Walisikia kitanda kikilia. Akarudi ameshika daftari lenye jalada la bluu.

"Si uliandika?" alimwambia mkewe bila kumtazama. "Agosti yote ulikaa hapa mezani unaandika namba za betri. Hata siku moja ugali uliungua."

Selpha alikuwa amesahau. Mwalimu Phoebe wa darasa la jioni alikuwa amewapa zoezi: nakili kitu cha kazini kwako, usikosee hata herufi moja. Wengine walinakili risiti, wengine majina ya dawa. Yeye alinakili namba zilizochapwa ubavuni mwa betri kumi na mbili zilipoletwa zikiwa mpya, na karibu na kila moja akaandika mshale wake. Mwalimu alikuwa amempa alama kumi na moja kwa kumi na mbili, akaandika kwa wino mwekundu: *Saba hii inafanana na moja. Rudi uhakikishe.* Naye alikuwa amerudi, akahakikisha, akaiandika upya kwa kalamu nzito.

"Kesho nitaenda," Selpha alisema.

"Tutaenda," Callistus akamrekebisha.

Barasa alikuwa bado amesimama, mkono mmoja kiunoni. "Keti basi ule, mzee," alimwambia Callistus. "Maharagwe yana mawe kidogo. Nilikuwa na mawazo."

Jumanne asubuhi vibarua walikuja tena, wakitumaini. Arnold alimwona Callistus getini, akafungua mdomo, lakini Selpha alimtangulia. Alisema yote mbele ya watu, amesimama wima kama mwanafunzi aliyeitwa kusoma. Alisema hata juu ya Tororo. "Nilikudanganya jana, boss. Fundi alikuwepo."

Arnold alilichukua daftari mikononi mwake, akaenda kwenye sanduku la mshale wa kwanza, akachuchumaa. Alisoma namba za daftari kwa sauti, Selpha akazifuatisha kwa kidole ubavuni mwa betri. Walipofika ile iliyoandikwa upya kwa kalamu nzito, Arnold alisimama kidogo. "Hii ni moja ama ni saba?"

"Ni saba. Nilirudi kuhakikisha."

Ilikuwa saba. Zote kumi na mbili zilikuwa zile zile.

Minong'ono ilipita katikati ya vibarua. Yule mwanamke aliyemsema Callistus kuhusu watoto wake alijifunika mdomo kwa leso.

"Kwa hiyo ni wewe," Arnold alimwambia Selpha. "Umeua betri kumi na mbili za kampuni. Nani alikuambia ufunike paneli?"

"Ni wewe, boss."

"Mimi?"

"Kwa simu, siku mvua ilipozidi. Ulisema, funika kila kitu vizuri, mama."

"Nilimaanisha saruji!"

Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa cha watu arobaini, na Arnold alikuwa katikati yake. Aliondoka kwa hatua ndefu hadi kwenye pikapu. Wakadhani anaondoka. Lakini aliinamia chini ya kiti, akapekua, akatoa kitabu kidogo kilichokuwa bado ndani ya nailoni yake, hakijafunguliwa. Kilikuwa kimekuja na mishale kutoka dukani. Akapasua nailoni na kusoma kimya.

"Soma kwa sauti, boss," Callistus alisema kwa upole. "Sisi pia tujue."

Arnold alisita, kisha akasoma, akitafsiri sentensi moja moja. Usifunike paneli wakati chombo hakitumiki. Ukilazimika kukiweka ndani, chaji betri mpaka zijae, ondoa waya wa hasi, uzichaji tena kila mwezi. Hakikisha maji yamefunika vibamba. Ongeza maji safi ya betri peke yake, usiongeze asidi. Alipofika mwisho alifunga kitabu, akakiangalia jalada lake kana kwamba limemkosea.

"Fundi wako anaweza kuzifufua?"

"Sijamuuliza," Selpha alisema. "Lakini nitamuuliza."

"Mpaka Ijumaa. Makao makuu wananipigia simu kila saa. Zisipowaka Ijumaa, mama, stoo nitampa mtu mwingine. Sitakuwa na la kuwaambia."

"Na kitambulisho cha mzee?"

Arnold aligusa mfuko wa shati. Haukuwa na kitu. "Kiko nyumbani, Busia. Ijumaa."

Vijana wanne walijitolea kusukuma betri zote kumi na mbili mpaka kwa Echodu, bila kulipwa. Echodu alizipanga katika mstari mmoja na kuzitazama kama daktari aliyeletewa basi zima la wagonjwa.

"Siahidi kitu," alisema. "Betri iliyolala hivi ukiilazimisha kwa chaji kali, inachemka, inakufa kabisa. Hizi tutazilisha kwa kijiko. Siku tatu."

Alimfundisha Selpha kuvaa glavu na miwani, na kuweka chupa ya maji safi na magadi karibu, asidi isije ikamrukia. Alimwonyesha kuongeza maji ya betri kidogo tu, yafunike vibamba, kwa sababu yatapanda yenyewe chaji ikiingia. Kujaza mpaka juu kungengoja mwisho. Kisha akaunganisha nyaya, akashusha chaji yake mpaka chini kabisa.

Kila baada ya saa tatu Selpha alinyonya maji kwa kipimo cha kioo, akasoma namba, akaandika kwenye daftari la bluu. Jumanne jioni namba hazikuwa zimesogea. Selpha alisimama mbele ya betri, akafumba macho, midomo ikicheza.

"Omba, mama," Echodu alisema nyuma yake. "Lakini huo waya wa tatu umelegea. Ukimaliza amina, ukaze."

Aliukaza. Jumatano asubuhi betri tano zilikuwa zimeanza kutoa viputo vidogo, moja baada ya nyingine, na namba zikapanda. Selpha aliita kwa sauti mpaka madereva waliokuwa wakinywa chai kando ya kituo wakaja kuona. Jioni hiyo hakwenda darasani. Badala yake mwalimu Phoebe alikuja pale kwa Echodu, akalifungua daftari, akazipitia safu za namba kutoka juu hadi chini, akatoa kalamu nyekundu, akaandika alama ya vyema.

Barasa pia alikuja Alhamisi, akitembea polepole, na chupa ya chai na mandazi. Alikuwa hajatembea mbali hivyo kwa miezi. Alikaa kwenye kreti la Echodu akisomewa namba.

"Hizi mbili mbona hazipandi?" aliuliza.

"Hizo zimeenda," Echodu alisema. "Vibamba vyake vimegeuka jiwe. Nitazipeleka kwa wanaonunua chuma. Usizitupe kwa mtaro, kuna sumu ndani, na watoto huchota maji huko."

Zilibaki kumi. Tatu kwa kila mshale, mishale mitatu, na moja ya akiba. Kufunga upande mmoja wa barabara kulihitaji mishale miwili, mmoja kila mwisho.

Ijumaa asubuhi, tarehe 13, betri zilirudishwa masandukuni. Selpha mwenyewe alifunga nyaya, nyekundu kwanza, nyeusi mwisho, kama alivyofundishwa, akapaka grisi kwenye vichwa vyake. Paneli zilielekezwa juani. Foleni ya matrela ilikuwa imefika mpaka mbele ya kambi, na madereva walichungulia madirishani kwa sababu hawakuwa na jingine la kutazama.

Arnold alimpa Selpha swichi. "Bonyeza wewe."

Akabonyeza. Kwa muda mfupi kama wa kumeza mate hakukutokea kitu. Kisha taa ya kwanza ikawaka, ya pili, ya tatu, na mshale wa manjano ukakimbia kutoka kushoto kwenda kulia, ukazima, ukakimbia tena. Wa pili ukawaka. Wa tatu ukawaka. Vibarua wakapiga kelele, na dereva mmoja wa Uganda akapiga honi ndefu. "Weebale, nyabo!" alimshukuru kwa Kiganda kutoka juu. "Usiku sasa tutaona njia!"

Selpha alimtafuta Barasa kwa macho. Alikuwa ameegemea geti, amevua kofia.

Arnold alitoa kitambulisho mfukoni, akamnyooshea Callistus. Mzee hakukipokea.

"Boss," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira, "mfuko wangu uliumwaga mbele ya watu. Hiki pia nipe mbele ya watu. Na maneno."

Arnold alitazama chini. Pale pale alipokuwa amesimama ndipo omena walipoangukia. Akageuka kuwaangalia wale arobaini.

"Huyu mzee hakuiba," alisema, kisha akasema tena kwa sauti zaidi, kwa sababu trela lilikuwa linapita. "Mzee Callistus hakuiba kitu! Nilimwita mwizi kabla sijaangalia namba. Kitabu kilikuwa kwenye gari langu tangu Agosti. Nisamehe, mzee. Kibanda chako ni chako."

Callistus alikipokea kitambulisho kwa mikono miwili, akakitia mfukoni pamoja na ule ufunguo wa kutu. Yule mwanamke aliyemtukana Jumatatu alikuja mbele, akamshika mkono.

"Na stoo je?" kijana mmoja akauliza. "Mama anabaki ama anaenda?"

"Nilisema zikiwaka," Arnold alisema. Akamtazama Selpha. "Na kwa hii kambi nzima, sasa hakuna mtu anajua hizi betri kama wewe. Lakini makao makuu wataniuliza kama itatokea tena. Niwaambie nini?"

Selpha alivua glavu. Alilishika daftari la bluu kifuani, akatazama vibarua, akamtazama Echodu na madirisha ya shati lake, mwalimu Phoebe aliyekuwa amesimama na baiskeli nje ya geti, mumewe, na Callistus.

"Waambie mimi Selpha Nasambu nimeahidi mbele ya Mungu na mbele ya hawa wote," alisema, na sauti yake ikasikika mpaka kwenye foleni. "Kazi ikisimama, mishale hii itakaa uso kwa jua. Ikilazimu kuwekwa ndani, nitajaza chaji kwanza, nitatoa waya mweusi, na kila mwezi nitaichaji tena. Kila Jumatatu, kabla sijanywa chai, nitapima maji na nitaandika. Nisilolijua nitauliza siku hiyo hiyo, hata kama mtanicheka. Na jina la mtu sitalitaja tena kabla sijajua. Wewe Callistus, ukiona Jumatatu imepita na daftari ni tupu, simama hapa hapa, utaje langu."